Mstari wa Mashine ya Kusaga

Mjukuu wangu Numbi,

Salamu zikufikie huko Lubumbashi. Sisi hapa Kamina tuko wazima. Kaka yako amepata kazi ya ualimu Kaniama, na mahindi tumepanda mara mbili kwa sababu mvua ilianza kisha ikakatika.

Umeniuliza: kama masomo yenu yanaonyesha kwamba moshi wa mafuta unazidisha joto la dunia na kuharibu vifua vya watu, mbona bado ninawasha jenereta? Swali lako limenitia haya.

Nilipokuwa msichana, mashine ya kwanza ya kusaga ililetwa mtaani kwetu. Ilikunywa mafuta ya mazuti na kujaza chumba moshi, lakini ilituondolea kazi ya kutwanga, na tuliipenda. Siku moja mama alikohoa sana mstarini, akaanguka. Nilimkokota hadi nje.

"Mama, twende ku hospitali," nikasema.

"Weye rudia mu mustari," akajibu akitweta. "Bantu batakamata nafasi yetu. Tulikuja juu ya bunga."

Nikarudi mstarini, kwa ajili ya unga huo. Mama alipona, na baadaye tulienda tena mashineni wote wawili. Lakini mpaka leo ninaona haya, kwa sababu aliponiambia nirudi, moyo wangu ulifurahi.

Furaha ileile huniingia jenereta inapowaka na friji kuanza kuvuma. Najua moshi unaingia kwa jirani mwenye pumu, nami nafunga dirisha langu tu.

Ukija likizo, usininyamazie kwa heshima. Niulize tena, mbele ya wote.

Nkambo yako anayekupenda