Orodha Iliyokuwa Chini ya Glasi

Nyumba za Wafanyakazi, chumba namba 6,
Nyuma ya Ukumbi wa Mikutano,
S.L.P. 218.

Jumatatu, tarehe 14

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba kwa Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umeamka salama, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Dereva wa lori aliniambia siku hizi unatembea na fimbo asubuhi kukiwa na baridi. Nikacheka peke yangu, maana zamani fimbo mkononi mwako ilikuwa ya kunichapia mimi. Na binti yako, ile homa imemwachia? Mwambie anywe maji hata kama hana kiu, asifanye ukaidi wa ukoo wetu.

Sisi huku tuna afya. Shemeji yako ana kikohozi chake cha vumbi la mbao, kile kisichoisha na kisichomlaza. Mimi presha inapanda na kushuka, lakini kazini naenda kila siku.

Dada, kabla hujaendelea kusoma naomba umwite binti yako aje akae karibu nawe. Nakusubiri.

Ninajua habari ya namna hii haiandikwi kwenye karatasi. Anatumwa mtu mzima, anakaribishwa kiti, anaanza kwa mbali. Lakini tangu vita vifike kwenu simu zimekatwa, na hakuna anayepita njia hiyo isipokuwa dereva wa lori la misaada. Yeye sikutaka kumbebesha tena neno langu mdomoni, kwa sababu wiki tatu zilizopita nilimbebesha uongo. Sikujua kuwa ni uongo. Ile habari niliyokuletea, kwamba kifungua mimba wako, Mluzi wetu, yumo kwenye orodha na anarudi, niliikosea. Kwenye orodha yumo kweli. Lakini orodha ile si ya walio hai.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, nikaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Sasa nimerudi. Nitakueleza yote jinsi yalivyokuwa, maana wewe hukupenda kufichwa jambo tangu tukiwa wasichana.

Kazi yangu unaijua. Huu ni mwezi wa tano tangu wajumbe wa upande wenu na wa upande ule waje kuzungumzia amani katika ukumbi huu, eti kwa sababu nchi hii haina ugomvi na yeyote. Mimi na mwenzangu tunayemwita Mama Vikombe ndio tunaowapikia chai, kupanga glasi za maji na kufuta meza. Walipofika walikataa kumiminiwa kutoka chupa moja. Basi tukafunga utepe mwekundu kwenye chupa za chai za upande wenu, na wa buluu kwenye za upande ule. Sufuria ni moja, Dada. Majani yaleyale, maji yaleyale, na anayekoroga ni mimi. Siku moja mkubwa wa upande ule, tunayemwita Bwana Miwani, alisema chai ya wenzao inanukia vizuri kuliko yao. Mama Vikombe akamjibu kwa adabu zote, "Ni kwa sababu hujaionja, baba." Wakacheka wa pande zote mbili, halafu wakakumbuka wao ni nani, wakainamia karatasi zao.

Siku kumi na moja za mwanzo hawakuzungumza chochote. Walikuwa wanabishana nani aingie ukumbini kwanza. Mwishowe shemeji yako akaitwa kutoboa ukuta na kuweka mlango wa pili. Alipima mara tatu ili usizidi wa kwanza hata kwa unene wa kucha. Walipoingia kwa pamoja wapiga picha walipiga picha, na sisi jikoni tukapiga vigelegele. Siku hizo hizo kumi na moja ndizo mlizokuwa mmelala chini ya vitanda kwa sababu ya mizinga. Hilo nilikuja kulijua baadaye, kwa dereva.

Sasa kosa langu lilikuwa hivi. Siku ya kwanza kabisa tulionywa tusiguse karatasi ya mtu, na hatujawahi kugusa. Lakini ukifuta meza miezi mingi utajifunza mambo. Karatasi wanazogombania huondoka nazo kwapani, au huzifinyanga wakazitupa kapuni. Zile walizokubaliana huziacha mezani, wameziwekea glasi juu ili feni isizipeperushe, mpaka karani aje kuzichukua akazigonge muhuri. Kwa hiyo sisi tulikuwa tunaangalia glasi. Kila wakimaliza kikao Mama Vikombe ananiuliza, "Vipi leo, mwenzangu?" Nami namjibu, "Glasi zote ziko kwenye sinia." Maana yake hakuna kitu. Tulikwenda hivyo miezi minne.

Wiki ile redio ilikuwa ikitangaza kila saa kwamba wanajadili kubadilishana wafungwa. Nikaingia kufuta meza, nikakuta glasi juu ya karatasi. Zilikuwa karatasi kadhaa zilizobanwa pamoja, wamezifunua mpaka ukurasa wa katikati. Sikuzigusa, Mungu ni shahidi yangu. Niliinama tu na kitambaa changu kama anayefuta. Yalikuwa majina kwa safu, na pembeni yake umri na mji mtu anakotoka. La saba kutoka chini lilikuwa la mwanetu. Jina lake, la baba yake na la babu yake, miaka ishirini na mitatu, na mji wetu. Ukurasa wa kwanza, ulioeleza ile ilikuwa orodha ya nini, ulikuwa umegeuzwa kwa nyuma. Sikuuona na wala sikuutafuta. Mimi glasi ilinitosha.

Nilikwenda kwenye stoo ya mafagio nikapiga magoti nikashukuru. Nikafunga siku tatu. Dereva alipopita nikamwambia, mwambie Dada aandae chumba.

Aliporudi alinieleza ulivyocheka mpaka ukakaa chini pale pale mlangoni. Akaniambia umepaka chokaa chumba chake, na umeapa siku ya kubadilishana utakwenda darajani mwenyewe hata kwa kutambaa. Nilifurahi sana, Dada. Nilimwongezea dereva kikombe cha pili.

Alhamisi iliyopita mkalimani alikuja jikoni. Ni mtu mzima, mpole, mwenye sauti ndogo. Kutwa nzima anasema maneno ya watu wengine, kwa hiyo akija kwetu hupenda kukaa kimya na chai yake. Mimi ndiye niliyemchokoza.

"Siku ya darajani utakuwepo?" nikamuuliza.

"Daraja gani, mama?"

"La wafungwa. Mwana wa dada yangu ni wa saba kutoka chini."

Akaweka kikombe. "Nani amekwambia habari za orodha?"

"Nimeiona chini ya glasi. Mkitaka nifukuzeni, mimi changu nimeshapata."

Akamtazama Mama Vikombe, naye akaenda kufunga mlango bila kuambiwa.

"Kaa, mama," mkalimani akasema.

"Nina birika motoni."

"Liache. Kaa kwanza."

Nikakaa. Akaniambia kwamba kuhusu wafungwa hawajakubaliana hata juu ya mtu mmoja. Karatasi ile, akasema, ilikuwa ya maiti. Alilisema taratibu, kwa lugha yetu, tena akainamisha kichwa kama kwamba ni yeye aliyefanya.

Unaona, Dada, katika miezi mitano hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Walio hai wanawabishania mpaka leo, nani kwa nani na wangapi kwa wangapi. Wafu waliwamaliza kwa asubuhi moja, thelathini na wanane kwa thelathini na wanane, wakaweka glasi juu, wakaenda kula.

Ningekuwa nimekaa kimya, leo ungekuwa na huzuni moja. Mimi nimekupa furaha kwanza ndipo nikakuletea hii. Naiona ile chokaa. Sijawahi kuingia katika chumba hicho tangu mjenge, lakini nakiona kilivyo cheupe. Mama Vikombe ananiambia nisijilaumu, ameacha hata mizaha yake, ananisaidia kubeba masinia yangu pamoja na yake. Lakini anayejua nilichokifanya ni mimi. Nilitaka kuwa wa kwanza kukuletea neno jema. Huku mbali nilikoolewa sikukusaidia chochote katika vita hivi, si unga, si dawa, na nikafikiri Mungu amenipa hili nikutumikie nalo.

Nikipiga magoti siku hizi sijui nianze na nini. Ile shukrani niliyotoa siwezi kwenda kuirudisha. Ninakaa tu hapo chini mpaka miguu ife ganzi, nikiamini Yeye ananisikia hata nisiposema.

Siku ileile ya Alhamisi nilirudi ukumbini na sinia kama kawaida. Bwana Miwani akaniuliza mbona sukari haipo. Nikampelekea sukari. Walikuwa wanabishana juu ya sentensi ya kwanza ya tangazo lao, iseme "pande zote mbili zinasikitika" au "zinatambua." Mpaka leo ninapoandika hawajaipata. Nilimimina wekundu, nikamimina buluu, na sikumwaga hata tone, sijui kwa nini.

Shemeji yako naye amepewa kazi. Nchi hii ndiyo itakayotoa masanduku, sabini na sita, na yote yawe kipimo kimoja, kwa sababu hata hapo pande zote zinadai usawa. Aliomba arefushe moja. Akaambiwa haiwezekani. Unamjua Mluzi alivyokuwa. Mara ya mwisho alipokuja kututembelea miguu ilining'inia nje ya kitanda, akapiga mluzi wake ule, akasema, "Mama mdogo, umenilaza kwenye sinia?" Shemeji yako anarudi nyumbani, ananawa, anakaa. Jana niliona amenoa penseli yake mpaka ikabaki kipande kama jino.

Sasa nisikilize kwa makini. Usiende darajani. Hakuna mtu atakayevuka pale, na dereva anasema ile njia imetegwa mabomu ardhini kuanzia kwenye kisima cha zamani. Masanduku yatapitishwa kwa magari meupe hadi hospitali kuu ya kwenu, tarehe 30. Ukitaka kwenda, nenda huko, na usiende peke yako.

Liko neno moja zaidi, na nimesali sana kabla ya kuliandika. Mkalimani anasema majina yale yalitolewa kwenye vitambulisho na barua zilizokutwa mifukoni mwa nguo. Ndiyo maana wanataka ndugu wataje alama za mwilini kabla ya kufunga masanduku. Nilimuuliza kama inawezekana koti la mtu likavaliwa na mwingine. Akasema imewahi kutokea, lakini nisikuandikie hilo kama ahadi. Mimi nakuandikia kwa sababu ni haki yako kulijua. Tumaini sikupi, Dada. Nilikupa mara moja, na unaona lilivyokuwa.

Karani anataka alama moja au mbili zisizofutika, kama kovu, jino au mfupa uliowahi kuvunjika. Asiyetajiwa alama atazikwa hukohuko aliko, kwa namba. Mluzi alivunjika mkono alipoanguka ngazini pale shuleni, akiwa darasa la nne. Nilikuja kuwaona wakati ule, akanikimbilia na mkono wake umefungwa bandeji. Lakini sikumbuki ulikuwa mkono gani. Tangu Alhamisi ninamwona akinikimbilia vilevile, na kila mara bandeji iko mkono tofauti. Karani aliniuliza, "Kulia au kushoto, mama?" Nikamwomba anipe muda nikuulize wewe. Sitakisia tena.

Nisalimie binti yako, umwambie mama yake mdogo anamwomba asikuache peke yako wiki hizi. Msalimie Mjomba fundi redio, na shangazi yetu wa ng'ambo ya kiwanda kama bado yuko pale, na jirani yenu mshonaji aliyekuwa akimshonea Mluzi sare zake. Shemeji yako anakupa pole, ameniomba niiandike kwa jina lake, na nimeiandika. Mwenyezi Mungu akushike mahali ambapo mkono wangu haufiki, akupe usingizi, na amlaze mwanetu mahali pasipo na mizinga.

Dereva atakaa kwenu siku mbili kupakua mzigo kisha atageuza. Karani amenipa mpaka tarehe 26 tu. Mpe dereva jibu mkononi, hata kama ni mstari mmoja, hata kama umenikasirikia na hutaki kuandika jina langu juu yake. Niambie ulikuwa mkono gani. Tafadhali, Dada, nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea na nisiyeacha kukupenda,

Mama mdogo wa Mluzi