Mgeni Ameshakaa

Khuwair ya Kusini,
Maskati.
Alkhamisi, 6 Machi 2003

Mpendwa Mjomba Hamdan,

Shikamoo Mjomba. Naomba barua hii ikukute hapo Kikwajuni ukiwa mzima, na goti lako la kushoto limetulia kwa ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka Badr mwaka jana. Mama anauliza kama unalala vizuri. Bibi naye anauliza kama bado unakula achari ya ndimu na huku daktari amekukataza, na amesema nikuandikie kwamba jawabu analijua, usijisumbue kudanganya.

Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mwaka mpya wa Hijria umeingia wiki hii, Mungu aujaalie uwe wa kheri kwako na kwetu. Kila redio inazungumzia vita vinavyonukia Iraq, na jirani yetu amejaza maji ya chupa mpaka chini ya vitanda.

Najua habari zangu zimekufikia kabla ya barua yangu. Mama alikupigia simu Jumatatu, na Mama akihadithia jambo huanzia mwisho. Umeambiwa kwamba nimemvunjia heshima mkurugenzi wangu mbele ya wageni, na kwamba Jumamosi nikiingia ofisini bila barua ya kuomba radhi sina kazi. Hilo la pili ni kweli. La kwanza si kweli, na nataka ulisikie kwangu mimi.

Utacheka Mjomba, lakini mambo yote haya yametokea Poland.

Kampuni yetu huuza tende na ndimu kavu nje, na sasa inataka kununua maziwa ya unga huko. Kwa hivyo tangu Novemba, juu ya kazi zangu za kila siku, nimepewa kusoma habari za nchi hiyo kwenye intaneti na kumwandikia mkurugenzi, Bwana Ghassan, muhtasari kila asubuhi, kwa Kiarabu, usiozidi ukurasa. Poland mimi nilikuwa naijua kwenye atlasi tu. Sasa bunge lao nalijua kuliko ninavyowajua watu wa mtaa wetu.

Wewe umefundisha uraia maisha yako yote, basi utataka hesabu. Bunge lao lina viti 460, na anayetaka kutawala kwa raha lazima awe na wingi wa 231. Katika uchaguzi wa mwaka 2001, vyama viwili vya mrengo wa kushoto vilivyosimama pamoja vilipata 216. Havikutosha. Wakakiita chama cha wakulima, chenye 42, wakaunda serikali ya mseto, jumla 258. Tangu hapo mbunge mmoja mmoja amekuwa akihama huku na kule, lakini mseto ulisimama, kwa kununa na kusukumana, kama ndugu wawili waliolazwa shuka moja.

Mwezi uliopita serikali ikaleta mswada wa kuwatoza wenye magari ushuru wa barabara, kwa stika ya kubandika kwenye kioo. Wakulima wakaupinga pamoja na kwamba wamo serikalini. Waziri mkuu akasema basi, tumeachana. Wakatoka, na viti vyao 42 wakaondoka navyo. Habari hiyo ndiyo niliyoiandika kwenye muhtasari wa Jumapili asubuhi, na kwa kuwa ilikuwa kubwa niliiweka juu kabisa.

Siku hiyo hiyo tulikuwa na wageni wawili kutoka huko. Majina yao siandiki, maana barua husomwa na wasioandikiwa. Mmoja ni mfanyabiashara, mtu wa chama kikubwa. Mwengine ni mwenyekiti wa ushirika wa wafuga ng'ombe wa maziwa, na ni mtu wa chama cha wakulima. Wiki nzima kabla yake Bwana Ghassan alikuwa ameniagiza niipange majlis, ukumbi wa mapokezi wa ile nyumba yetu ya wageni ya mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, kama serikali yao ilivyopangwa: mkubwa akae kuliani kwake, mshirika akae kushotoni, na kahawa ianze kwa hao wawili kabla ya kushuka kwa wengine hadi mlangoni. Nikapanga hivyo hivyo, na nikajiona hodari. Hata mmoja wetu hakujiuliza kwa nini mtu mwenye jina na mama yake apangiwe mto wa kuegemea kwa hesabu ya bunge la kwao.

Wageni walikula, wakanawa, halua ikapita. Kahawa ilikuwa bado. Bwana Ghassan hakuwa ameusoma muhtasari wangu asubuhi, akautoa mfukoni pale pale na kuufungua magotini. Nikamwona uso unabadilika. Akainuka, akanijia mlangoni nilipokuwa nimesimama na Mohammed, mtia kahawa wetu.

"Zakiya, yule wa kushotoni mtoe. Mkalishe kule chini."

"Kuna nini, bwana?"

"Umeandika mwenyewe halafu unaniuliza mie? Hayumo tena serikalini! Huyu mwengine atanionaje, nimekaa na hasimu wake bega kwa bega?"

"Mgeni ameshakaa, bwana."

"Amekaa kwa cheo gani?"

"Kwa cheo cha mgeni."

Mjomba, sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi ndiye yule uliyekuwa ukiniita kifaranga, nikiwa ugenini siwezi hata kuomba chumvi. Nilitamani anyamaze, ili na mimi ninyamaze. Hakunyamaza.

"Bi mdogo, usinifunze heshima mie. Nakwambia hana wingi!"

"Basi hata huyo wa kuliani hana. Ana mia mbili na kumi na sita, na inatakiwa mia mbili thalathini na moja. Tukikalishana kwa wingi, wote wawili waende mlangoni, na wewe ubaki huko juu na mito."

Mohammed, dele la kahawa mkononi, akacheka kwa puani. Nadhani kicheko kile ndicho kilichoniponza kuliko maneno yangu. Bwana Ghassan akamgeukia, akamwambia aanze kumimina, na yule wa kushotoni amruke.

Amruke, Mjomba! Mtu amekula chumvi yako, umemkalisha ubavuni pako, halafu dele limpite usoni kama ukuta. Mohammed hakwenda. Akaniangalia mimi, kwa sababu shughuli ya siku ile ilikuwa chini yangu. Nikamwambia, "Anza kama tulivyopanga." Akaanza.

Sasa yule mwenyekiti wa ng'ombe hakujua kwamba mtu akitosheka hutikisa kikombe. Hakuna aliyemwambia. Akawa anakinyoosha tu kila kikiisha, kwa adabu, na Mohammed anatia. Nilimnong'oneza Mohammed amwonyeshe. Akanijibu, "Maadam hatikisi, nnatia." Bwana Ghassan, aliyetaka mtu yule asipate hata tone, ikambidi akae kando yake akitabasamu mpaka dele likakauka.

Wakati wa kuondoka mgeni yule alikuja kuniaga. Akaniambia, kwa Kiingereza chake kizito, kwamba mkewe alikuwa amempigia simu asubuhi na yote alikuwa anayajua. Alipoingia majlis alikuwa anasubiri tu aonyeshwe pa kuhamia. Nilimwambia safari njema.

Kesho yake nikaitwa. Bwana Ghassan hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alisema niandike barua ya kuomba radhi, aibandike ukutani ofisi nzima isome, na muda wangu ni mpaka Jumamosi.

Na bunge lilikuwa limeshahamia nyumbani kwetu. Jumapili usiku nilikuwa na wingi mkubwa: Baba alinisifu, Mama alinisifu, Bibi aliniombea dua, Badr peke yake alikuwa upinzani, akisema nimejitia ushujaa kwa ajili ya mtu wa maziwa. Jumatatu Baba alipokumbuka kwamba kazi hii niliipata kwa heshima ya urafiki wake na Bwana Ghassan, akahama. Mama akahama naye, maana Mama siku zote yuko na aliyezungumza mwisho. Badr, kwa kuwa hawezi kukaa upande mmoja na Baba, akaja kwangu. Bibi anasema hapigi kura mpaka ajue hao watu wa Poland ni akina nani na wanakula nini.

Baba amesema, "Andika mistari miwili tu, mwanangu. Karatasi haiumi." Nimemheshimu, nimekaa na karatasi. Mjomba, inauma. Nikiandika kwamba nimekosa, nitakuwa nimesema kwamba mtu akianguka kwao alfajiri, adhuhuri ni haki afukuzwe kwenye kahawa ya kwetu. Babu zetu wameingia nyumba ngapi za watu, Unguja na huku, wakiwa wameanguka, na wakapewa mto wa kuegemea? Sisi wenyewe tulifika Maskati na sanduku na jina. Hakuna aliyetuuliza tuna viti vingapi.

Naogopa, sikufichi. Kazi kwa mtu wa elimu yangu si rahisi kupata hapa kama watu wanavyodhani huko. Lakini kuna jambo nimejifunza kwa kusoma habari za wale watu. Serikali yao sasa ni ya wachache, kila mtu anaihesabia siku, na bado imekaa. Huwezi kumwondoa waziri mkuu wao kwa kumnunia. Sheria yao inataka bunge litaje jina la atakayeshika nafasi yake, na wabunge 231 wakubali jina hilo. Mpaka hapo, kila mswada atautafutia kura zake, leo kwa hawa, kesho kwa wale. Na mimi nitafanya hivyo hivyo. Barua siandiki. Naiweka kalamu chini. Nitaendelea Jumamosi nikirudi.

Jumamosi, alasiri

Nimerudi, Mjomba. Badr alinipeleka kwa gari yake bila kuombwa, na njia nzima hakufanya mzaha, nikazidi kuogopa.

Bwana Ghassan aliniuliza barua iko wapi. Nikamwambia sikuandika, na sitaandika.

"Baba yako ameniahidi."

"Baba hakuwepo majlis, bwana."

"Unajua naweza kukutoa leo hii?"

"Najua. Nitoe. Mengine yote niliyokosa nitakuomba radhi hapa hapa, hata ile ya kusema utabaki na mito. Lakini radhi ya kumwacha mgeni alipokaa, hiyo siombi."

Akazungusha kalamu yake mezani. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, nani mwengine hapo ofisini anayeweza kumsomea mambo ya Poland. Nikasema simjui. Nikaona amekasirika zaidi kuliko mwanzo.

Hakunitoa. Amenipokonya kazi ya wageni yote. Kuanzia kesho meza yangu iko Rusayl, kwenye ghala la tende, na kila asubuhi nitampelekea muhtasari wake kwa faksi kutoka huko. Wenzangu walinitazama nikikusanya vitu vyangu kama wanaotazama maiti ikitolewa. Mohammed peke yake alinisindikiza hadi mlangoni, akasema Rusayl kuna kahawa mbaya, atanitilia chupani.

Sikushinda, Mjomba, usije ukaitangaza barazani kwamba nimeshinda. Cheo kimekwenda. Rusayl ni mbali, kuna joto na vumbi, na nani ajuaye watu wa Poland wakishatulia na maziwa yakishanunuliwa nitakuwa na haja gani kwake. Lakini ukuta wa ofisi ile hauna karatasi yenye jina langu, na hautakuwa nayo.

Nilipofika nyumbani niliwaambia wote pamoja, nimesimama, ili nisilie. Badr akaleta dele, akataka kuanzia kwa Bibi kama kawaida. Baba akamwambia, "Anzia kwa Zakiya."

Bibi akaruka. "Hee! Na mie nnavyokaa hapa na umri wangu wote?"

"Wewe, Mama, uko juu ya hesabu," Baba akamwambia.

Bibi akakubali, kwa sharti kwamba na yeye sasa ahesabiwe upande wangu. Mama akasema yeye alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia.

Nakuomba usimpigie Baba simu kumlaumu, yamekwisha. Niombee tu nizoee vumbi.

Nisalimie Shangazi Mahfudha na umwambie karafuu zimefika. Nisalimie Rahila na wanawe, na mwalimu mwenzako wa baraza aliyekuwa akinipa kashata. Mama, Baba, Badr na Bibi wanakusalimu, kila mmoja kwa sauti yake. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuhifadhi na fitina za wakubwa na wadogo, na atukutanishe karibuni. Ukija Maskati, nafasi yako ipo hapa, kushotoni kwa Baba, penye mto wa kijani. Uje na goti bovu, uje bila pensheni, uje umegombana na Unguja nzima: ukishakaa hapo, hakuna wa kukuhamisha nami nikiwa hai.

Mpwa wako anayekupenda, na anayeogopa bado,

Zakiya binti Thabit