Ladha ya Mwiko Mpya

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba sitaisikia, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo; ungenikata jicho hata huko uliko. Nimekaa uani kwako, karibu na mafiga, na daftari la kazini mapajani. Nusu yake imejaa habari za vileo. Kurasa zilizobaki nyeupe ndizo ninazokuandikia, kwa hiyo nisamehe na karatasi pia.

Ramadhani hii ni ya kwanza bila wewe. Mwaka jana siku kama hizi ulikuja kazini kwangu na hotipoti ya bokoboko, ukanikuta naonja kitu kwenye glasi na kukitema. Ukarudi ukawaambia wanawake wa msikitini kwamba mwanao anafanya kazi kwenye hoteli ya wageni lakini saumu yake haina doa, hata akionja hutema. Sikukanusha. Ulituacha kabla ya Maulidi ukiwa bado unaisimulia, nami nimezila sifa zake mwaka mzima, mkavu wa macho. Barua hii ni kwa ajili ya hilo.

Unakumbuka ulivyonifunza kuonja? Nilikuwa na miaka tisa, nafunga nusu siku na kujigamba kama nimefunga mwezi. Ulikuwa ukipika futari ya msikiti kwenye sufuria ambalo mimi ningeweza kuoga ndani yake. Ukaniita. "Njoo uonje chumvi. Ncha ya ulimi tu, kisha tema." Nikauliza kama sitakuwa nimefungua. "Kumeza ndiko kunakofungua," ukasema. "Mpishi ana ruhusa yake."

Nikaonja, nikatema kwenye majivu, nikasema chumvi iko sawasawa, kwa sababu wenzangu walikuwa wakinisubiri nje tukacheze. Ulichukua kopo la chumvi, ukalifungua mbele yangu, ukaanza kutia. Kumbe hata chembe hukuwa umetia. Nilitamani ardhi inimeze. "Muonjaji muongo anaharibu chakula cha watu mia," ukaniambia. "Bora mwizi, yeye humwibia mmoja." Tangu siku hiyo sijawahi kusema uongo juu ya kitu nilichokionja. Juu ya mengine, mama, nimesema.

Na mwiko wako je? Ule wa zamani ulipopasuka ulimwagiza mtu akuletee mwingine kutoka kwa fundi wa Lugoba, mrefu kama jembe. Ukauloweka, ukaanza kuuchemsha na pumba na chumvi, kazi ya siku tatu. Bi Tatu, shoga yako wa tangu utoto, akachoka kungoja. Ulipokwenda sokoni akauchukua akakorogea bokoboko. Ngano ilikuwa imeiva na nyama imevurugika vizuri, lakini kila aliyekula alibaki anajilamba midomo kwa ukakasi, kama aliyetafuna ndizi mbichi. Uliporudi ukaonja, ukatema, ukamwambia, "Tatu, mwiko mpya hupikwa kwanza, ndiyo upike." Mpaka leo anachekwa kwa hilo. Mimi utotoni nilidhani mwiko wa dini na mwiko wa jikoni ni kitu kimoja, kwa sababu ukivunja wa kwanza unachapwa na wa pili.

Hotelini, unajua, nilianza kwa kupanga vikombe vya chai. Siku moja nikamwambia meneja wetu, Bwana Deo, kwamba juisi aliyotaka kuwapa wageni ni ya jana na imechanganywa na ya leo. Akabisha, akaenda kuuliza jikoni, akarudi ananitazama kama mganga. Basi taratibu nikatolewa kwenye juisi nikapelekwa kwenye kahawa, kutoka kwenye kahawa nikapelekwa baa. Kazi yangu ikawa kuonja vinywaji vipya na kuandika kadi ya kuwaeleza wageni kila kimoja kina ladha gani. Wewe nilikuambia naonja vinywaji vya wageni. Ilikuwa kweli, ila kweli iliyokatwa mkia. Ukafurahi, ukadhani ni ukwaju na rozela. Nami nikajifanya mufti wa nafsi yangu, nikajipa fatwa: naonja, natema, hakuna tone linalopita kooni, kwa hiyo sina neno. Ulimi uliofunzwa kwa futari ndio niliokuwa nauchovya huko.

Sasa siku yenyewe.

Kulikuwa na watu wa Dar, kikundi cha wapenzi wa wiski, wangekuja Jumamosi. Bwana Deo alikuwa amepata chupa mbili za wiski ya Kimarekani, ile wanayoiita bourbon. Zote mbili za kiwanda kimoja, kama mtu na dada yake. Bourbon nyingi hupikwa kwa mahindi na nafaka nyingine kali kidogo. Hizi badala ya nafaka hiyo zimetiwa ngano. Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili ni ghali, maana ikishaiva ndani ya pipa lake hutumbukiziwa tena vipande vya mbao mpya za mwaloni zilizochomwa moto, ikakaa nazo miezi, ili ivute ladha ya mti. Bwana Deo alitaka niandike ipi bora. Ilikuwa baada ya alasiri, nami nimefunga. Ningeweza kumwambia naionja kesho baada ya magharibi, wala asingekataa. Sikumwambia.

Nikanusa ya kwanza. Ganda la mkate unaotoka tanurini, sukari guru, na nyuma yake kitu ninachokijua ila jina linanitoka. Nikaweka ncha ya ulimi. Mama, ilikuwa ngano. Laini, na utamu wake unakaa katikati ya ulimi, kama bokoboko lililovutika vizuri kabla halijamwagiwa samli. Naona haya kuandika hivi, kukiweka chakula chako sahani moja na kitu kile. Lakini wewe ndiwe uliyesema muonjaji aseme alichokipata, na hicho ndicho nilichokipata.

Nikasahau kutema. Funda la kwanza lilinipita kwa kughafilika, na Mungu ni shahidi wangu. La pili nilimeza nikijua. Mchana wa Ramadhani, na sauti yako masikioni ikisema kumeza ndiko kunakofungua. Hili sijamwambia mtu yeyote mpaka wiki hii.

Kisha nikachukua ya pili, ile ghali. Nisiidhulumu: rangi yake ni nzuri, nyekundu ya kahawia, na harufu yake inakuja mbio, vanila na karafuu na kitu kama sukari iliyoungua chini ya sufuria. Nguvu inayo. Lakini ilipofika ulimini ngano siioni. Imefunikwa. Mbao mbele, mbao nyuma, na mwisho ukakasi ule ule uliowashika watu midomo siku ya Bi Tatu. Nikakunja uso, nikaitema kwenye kikombe.

Nilipoinua macho ulikuwa mlangoni na hotipoti mikononi, Bi Tatu nyuma yako. Mlinzi alikuwa amewaruhusu mpitie upande wa jikoni. Sijui mlisimama pale muda gani.

Ukatazama glasi. Ukatazama kikombe cha kutemea. Ukaniuliza, "Ukwaju huo, mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Umezidi nini?"

"Umezidi… umezidi ukakasi."

Ukatikisa kichwa, ukajifuta pua kwa ncha ya mtandio. Ukaweka hotipoti mezani, mbali na zile glasi. "Nimekuletea futari, najua watakuchelewesha. Sukutua kabla hujafuturu." Ukaondoka. Bi Tatu hakusema neno, na Bi Tatu kunyamaza si kawaida yake, lakini mimi nilikuwa nashukuru tu kwamba una mafua. Chumba kizima kilikuwa kinanuka wiski. Nikajiambia, pua ya mama leo imeziba, nimepona.

Sikusukutua. Magharibi ilipoadhiniwa nilikula bokoboko lako na ladha ya mbao ingali mdomoni.

Kuna jingine linaloniuma zaidi. Bwana Deo alikuja kuniambia, "Andika ile ghali ndiyo bora. Mtu hatoki Dar kuja kuambiwa anywe ya kawaida." Nikakataa. Nilikataa kabisa, mama, kifua mbele. Nikamwambia siandiki nisichokionja, ile ya pili ina mwiko mpya. "Mwiko upi tena, Zuhura?" Nikamweleza. Akacheka, akasema basi andika hivyo hivyo. Jumamosi wale wageni wakasoma kadi yangu: ya kwanza ni bokoboko lililoiva, ya pili ni bokoboko lile lile limekorogwa kwa mwiko mpya. Wakaonja, wakatazamana, wakanipigia makofi. Mmoja akaniuliza nani kanifunza. Nikalitaja jina lako, pale pale mbele ya machupa, na nikaona fahari. Kwa walevi nilisema kweli tupu. Aliyenifunza kweli nikamwambia ni ukwaju.

Baada ya hapo hadithi yako ikaenea mtaa wetu wote wa Dunda. Nikipita, kina mama wananiita wanipe dua. Kwenye msiba wako wakaisimulia tena mbele yangu, nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu.

Mwezi ulipokaribia kuandama Bi Tatu akaniletea ujumbe: wanawake wamekubaliana nishike mwiko wa futari ya Ijumaa, maana ulimi wa mama umebaki kwangu. Nikatoa udhuru wa kazi. Akatuma tena, nikatoa udhuru wa mgongo. Mara ya tatu nikaona nisipokwenda kumwambia ukweli nitashika sufuria la watu mia kwa sifa ya uongo, na wewe ulishanieleza mtu huyo ni nani.

Ijumaa hii baada ya adhuhuri nikaenda. Alikuwa peke yake uani anachambua ngano, sufuria la kwanza liko motoni. Nikamweleza yote, mpaka lile funda la pili. Mikono yake haikusimama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Bi Tatu."

"Siku ile tulipoingia kwenye bajaji, mama yako aliniuliza, 'Tatu, umenusa?' Nikamwambia nimenusa. Akaniambia, 'Hukunusa kitu.'"

Nikasema, "Lakini mama alikuwa na mafua."

"Mafua gani?" akasema Bi Tatu. "Mama yako hakuwa na mafua."

Mama, nilikaa chini kwenye mchanga. Siku zote aibu yangu ilikuwa kwamba nilikudanganya. Kumbe hata uongo uliniandalia wewe, kama ulivyoniandalia futari. Mimi nilichofanya ni kuitikia. Ulijua kuna watu wanaopeleka bidhaa hotelini, ulijua habari itafika mtaani, ukaitangulia. Ulikwenda msikitini, wewe ambaye hujapata kusema chumvi ipo wakati haipo, ukasimama mbele ya watu wanaouamini ulimi wako, ukasema uongo. Ukanisitiri. Na ukaubeba peke yako mpaka kaburini, na mimi nikipita nyumbani kila Jumapili nakula, nacheka, naaga. Sina pa kuuweka uso wangu.

Bi Tatu aliniacha nilie. Kisha akautoa mwiko wako nyuma ya mlango, ule ule wa Lugoba, sasa umekuwa mweusi na laini kama sabuni. "Aliongopa mara moja tu katika umri wake wote ninaoujua," akasema. "Usiufanye uongo wake ukawa wa bure. Shika."

Nikamwambia bado nafanya kazi kule. Na wewe nakuambia hivyo hivyo, maana sitaki kukupa tena kweli iliyokatwa mkia. Nimeomba nihamishiwe jikoni, Bwana Deo amesema nisubiri, nami nimemwambia baa siingii tena, akitaka anifukuze. Hajajibu. Saumu ile nimeilipa. Aibu yake sijui hulipwaje.

Lakini mwiko nimeushika. Nilikoroga mpaka mabega yakaniwaka moto, Bi Tatu akinisimamia kama askari wa zamu. Ilipokaribia alasiri akasema, "Haya, onja." Nikachota kidogo, ncha ya ulimi tu, nikatema kwenye majivu. Alikuwa ananitazama kama wewe siku ile ya kopo.

"Chumvi imepungua," nikasema. "Na ngano haijaiva, inataka moto tena."

Akaonja naye, akatema. Akaenda kuchukua kopo la chumvi.

Jana usiku sikuwa na cha kukuombea ila dua ile ile ya kila siku, na kukuomba radhi. Leo naongeza hili moja. Nilipotoka kwa Bi Tatu nilipita bombani, nikateka maji kwa kiganja, mara tatu, nikayatema yote.

Nimesukutua, mama.

Mwanao uliyemsitiri,
Zuhura