Protini ya Loisi

Jumatatu, 3 Juni 2024
Siku ya tano tangu binti yangu Loisi ajifungue. Dume, kilo tatu na nusu — damu yangu hiyo. Nimemchinjia mbuzi wa pili. Mtaa wetu wote wa Miyuji hakuna mzazi anayelishwa hivi. Analalamika kichwa, macho yanaona vimulimuli. Miguu imejaa. Mke wangu Paulina anataka kumpeleka kituo cha afya. Nimekataa. Ni shibe.

Jumanne, 4 Juni
Paulina hakunisikiliza. Kampakia bajaji, mimi nikafuata ili nisiaibishwe. Nesi mmoja wa Kondoa, Naima, kapima presha, kapima mkojo. Eti protini nyingi sana kwenye mkojo. Nikamwambia lazima, mbuzi wawili kwa siku tano, mpaka inamwagika! Benchi zima likacheka. Yeye hakucheka. Kasema, babu, hiyo siyo ya supu yako. Inatoka kwenye damu yake, figo zinavujisha. Hiki ni kifafa cha mimba.

Nikambana hapo. Mimba iko wapi, na mtoto huyu hapa?

Kasema, mtoto katoka, babu, ugonjwa haujapata taarifa.

Loisi kalazwa. Wanamchoma sindano asianguke kifafa.

Jumatano, 5 Juni
Bado presha iko juu. Mimi sijawahi kushindwa ubishi. Huu ningeushinda, ningemzika mwanangu. Naandika hapa tu. Paulina simwambii.

Ijumaa, 7 Juni
Presha inashuka. Kichwa kimeacha. Protini kwenye mkojo ilikuwa plus tatu, leo mbili. Loisi kaniuliza, Baba mbona kimya, na wewe unaumwa?

Jumatano, 10 Julai
Wiki sita, tumerudi kituoni kupimwa. Miguu imerudi kawaida, vidonge vya presha wamepunguza. Naima kasema protini ikiwepo hata leo, tutakwenda kwa daktari wa figo. Loisi kaingia chooni na kikopo, kaniachia mtoto.

Kijana pembeni yangu kasema mkewe kajifungua juzi, kichwa kinamuuma, atakuwa amechoka. Nikamwambia mlete leo hii. Kifafa cha mimba kinakuja hata mtoto akishatoka. Kanibishia! Nimemweleza vizuri kuliko daktari yeyote, mpaka kainuka kwenda kumfuata.

Naima kachungulia mlangoni. Kasema, babu, nani kakuajiri hapa?

Kijiti cha kupimia mkojo anacho mkononi. Anakilinganisha na rangi za kwenye kopo la vijiti. Loisi kasimama hapo. Mimi nimempakata mtoto, naandikia juu ya goti. Naima kamsogezea aone mwenyewe, wameinama wote wawili, na Loisi anageuka huku kwangu —