Mnyororo wa Kituo cha Betri

Mdogo wangu kipenzi,

Hujambo wewe na nyumba nzima? Mama anaendeleaje na goti lake? Mwambie aache kujifanya msichana, ndoo za maji abebe mwingine, na huyo mwingine ni wewe. Sisi huku wazima. Mwanao, huyu wa kwangu, ameota meno ya mbele na anamwonyesha kila anayepita, utadhani amepewa cheo. Shemeji yako naye mzima. Leo hajaniagiza nikusalimie, kwa hiyo nakupa salamu zake za kila siku, hizo haziharibiki.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu nimeizima, na sababu utaikuta mbele. Barua hii itakuja na dereva wa basi la huko, yule mwenye mwanya, ambaye hupaki karibu na kazini kwangu kabla ya safari. Ni mtu mwenye maneno mengi lakini mizigo ya watu haifungui.

Nimepata ujumbe wako wa furaha, kwamba umekubaliwa kazi kwenye kituo kipya, na unauliza uje na viatu gani. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanitazama. Viatu njoo na vya chini, maana kazi hii ni ya kusimama. Hayo ndiyo majibu mepesi. Majibu mengine yanataka ukae kitako, na mama asiwe begani kwako anasoma.

Unajua kwamba nafanya kazi kwenye kituo cha kubadilishia betri za pikipiki za umeme, lakini sijawahi kukueleza kikoje. Ni kontena la chuma, limewekwa kwenye kona ya uwanja wa maegesho, juu limeezekwa paneli za sola. Ndani kuna rafu kushoto na kulia, betri zimepangwa zinachajiwa, kila moja na taa yake ndogo, nyekundu au kijani. Mbele kuna kidirisha chenye upana wa betri na si zaidi. Dereva anakuja na betri iliyokwisha, anaipitisha kidirishani, mimi nampa iliyojaa, anaondoka. Hata sigara haijaisha mdomoni mwake, japo kuvuta hapa ni marufuku na nimekwisha kugombana nao sana kwa hilo. Wananiita Mama Chaji. Wakiniona sokoni wananipigia honi, mpaka wauza nyanya wananiheshimu.

Nataka ujue kwamba naipenda kazi hii, usije ukasoma yanayofuata ukadhani dada yako amechoka kufanya kazi. Unakumbuka mwanao alivyokuwa akikohoa? Chumba chetu kimepakana na stendi ya pikipiki. Kila asubuhi zilipowashwa zile za petroli tulikuwa tunafunga dirisha na bado moshi unaingia chini ya mlango. Sasa wengi wao wamehamia kwenye umeme. Asubuhi nasikia watu wakiongea badala ya injini zikinguruma, na mtoto analala hadi jua linatoka. Shemeji yako naye amehamia, nguo zake hazinuki tena petroli. Ninapoona taa zile zinageuka kijani moja baada ya nyingine, kwa jua hilihili linalotuchoma bure miaka yote, huwa najisikia nimeshika kitu cha maana.

Tatizo ni mlango. Mlango wa kontena ni wa nondo, na hufungwa kwa mnyororo na kufuli. Hufungwa kwa nje, mimi nikiwa ndani.

Soma tena kama hukuelewa. Msimamizi wetu anafungua asubuhi, mimi naingia, yeye anazungusha mnyororo kwenye nondo, anabana kufuli na kuondoka na ufunguo, maana ana vituo vingine vya kuzungukia. Tunamwita Endelevu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Usafiri endelevu, nishati endelevu, hata chai yake akiiacha ikapoa husema ni chai endelevu. Si mtu mbaya. Mtoto alipolazwa alikuja na matunda. Lakini nilipomuuliza habari ya mnyororo alinieleza kwa upole kwamba kuna kituo fulani kiliibiwa betri, na bima haiwezi kulipa kama mlango ulikuwa wazi, na zaidi ya yote ni kwa usalama wangu mwenyewe dada yangu. Nikamuuliza na haja ndogo je? Akasema atajitahidi kupitia mchana. Siku nyingine anapita, siku nyingine foleni ya magari inamkamata yeye.

Basi nikajifunza kutokunywa maji. Watu wananiona nimekonda, wananisifu. Muuguzi wa zahanati hakunisifu. Aliniambia figo zangu si mtungi wa kuhifadhia vitu, na akaniuliza kazi gani hiyo inayomnyima mtu choo. Nilimwambia ni kazi ya kisasa. Hakucheka.

Sasa nikueleze siku ya moshi, ambayo huko nyumbani hamkuisikia. Ilikuwa mchana, jua kali, foleni ndefu. Nilisikia nyuma yangu kitu kinafoka, kama sufuria inayotaka kufurika. Nilipogeuka, betri moja kwenye rafu ya chini ilikuwa imevimba, imepasuka ubavuni, na inatoa moshi mweupe wenye harufu ya kukwaruza koo. Nilipiga kelele. Madereva wakakimbilia mlangoni wakauvuta mnyororo, akiwemo shemeji yako. Alivuta nondo mpaka viganja vikatoka damu. Wengine wakakimbia huku na huku wakitafuta mkasi wa kukatia chuma. Kwenye karakana zote mbili za jirani wakaambiwa haupo, mtu ameuazima. Endelevu alikuwa mkutanoni na simu haipokelewi.

Nilichomoa nyaya, nikaisukuma betri ile kwa ufagio kuelekea kidirishani, nikaifunika kwa khanga yangu na kuinyanyua. Ilikuwa inachoma hata kupitia khanga. Niliitupa nje, ikaangukia mchangani, na hapo ndipo ilipowaka moto kweli. Kama ingewakia ndani, mdogo wangu, zingefuata zote zilizokuwa jirani yake, na mimi nisingekuwa na barua ya kuandika.

Nilikaa chini. Nilipoinua macho nikaona mkono umeingia kidirishani na betri iliyokwisha, na mwenye mkono akasema pole sana Mama Chaji, Mungu mkubwa, haya tufanyie haraka, kuna abiria. Nikampa. Akaja mwingine, nikampa. Shemeji yako naye alikuwa kwenye foleni, viganja amevifunga kitambaa. Nikampa na yeye. Endelevu alipofika na kufungua mlango, nilikuwa nimeshahudumia watu kama kawaida, akatusifu sote kwa utulivu wetu. Kesho yake mnyororo ulirudi mahali pake.

Nilitaka kwenda kusema kwa wakubwa wa kampuni. Shemeji yako akanizuia. Alinisihi kwa siku kadhaa, mara kituo kitafungwa na wenzake watarudi kwenye petroli, mara mtoto ataanza kukohoa tena, mara tutakula nini. Nikaona yote ni kweli, nikanyamaza, lakini nikaona pia kwamba macho yake yananikwepa. Nilimbana mpaka akasema. Betri ile ilikuwa imetoka kwenye pikipiki yake. Unamjua alivyo, pikipiki yake lazima ing'ae kuliko ya kila mtu. Waliambiwa wote kwamba kabla ya kuosha, betri itolewe kwanza. Asubuhi ile yeye alikuwa na haraka, akashika mpira wa maji akaiosha nzima nzima, kama alivyokuwa akiosha ile ya petroli. Kisha akaikausha betri kwa kitambaa, akanipitishia kidirishani huku akinitania kuhusu chakula cha jioni. Endelevu alikuwa ameapa kwamba akimjua dereva aliyeleta betri ile, atamnyang'anya pikipiki. Ndiyo maana mume wangu aliomba ninyamaze.

Sikumpigia kelele. Ningeweza kumsamehe maji, mtu husahau. Kilichonikaba ni kwamba alijua nimefungwa humo ndani kwa mnyororo, akajua moto ule ulitoka wapi, na asubuhi iliyofuata akanisindikiza hadi mlangoni akasimama kutazama nikifungiwa. Nami nikaingia. Nilijiona nimebanwa pande zote: nikisema, navunja nyumba yangu, nikinyamaza, nakaa kwenye kontena lile nikisikiliza kila betri inavyopumua. Hivyo ndivyo nilivyoishi mpaka jana, na siku hizo zote ulikuwa ukinipigia simu nami nikikuambia tuko salama.

Jana yametokea mawili. La kwanza ni ujumbe wako. Endelevu aliwahi kuniuliza kama nina ndugu mwaminifu kama mimi, nami nikakutaja kabla hajamaliza kuuliza, kwa sababu nilifikiria mshahara wako na nikasahau mlango. Kituo kipya kina kontena kama hili hili. Nimelitazama mwenyewe. Mlango ni wa nondo na mnyororo umeshanunuliwa.

La pili, Endelevu alikuja jioni kuniambia kwamba leo kuna wageni wakubwa, wanaotoa fedha za kujenga vituo vingi zaidi. Nivae fulana mpya ya kijani, nitabasamu. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba wakati wa wageni ataondoa mnyororo na kuuficha nyuma ya ndoo ya mchanga wa kuzimia moto iliyoko nje, wakishaondoka ataurudisha. Siku zote nilidhani haoni ubaya wake. Kumbe anauona, na anajua wageni nao watauona.

Sasa nakuambia nilipo. Ninakuandikia nikiwa ndani ya kontena, nimekaa sakafuni. Asubuhi Endelevu alipofungua, aliacha ufunguo kwenye kufuli kama kawaida yake akaenda kupokea simu. Nikauvuta mnyororo ndani, nikauzungusha kwenye nondo zilezile na kubana kufuli upande wangu. Ufunguo uko kifuani. Betri mbovu nilizitoa nje kwanza, na zilizobaki nimezizima chaji, usiogope. Nikamwambia kwamba leo haitoki hata betri moja mpaka mlango huu uwekwe kitasa kinachofunguka kwa ndani, mnyororo uondoke, na awepo mtu wa pili ili binadamu aweze kwenda chooni. Na kituo chako vilevile. Alidhani natania. Alipoona sitanii akaniita dada yangu mara nyingi mno, kisha akaanza kunipigia simu bila kukoma, ndiyo maana nimeizima.

Nje kumejaa pikipiki zilizokwisha chaji. Wapo wanaonitukana, na wapo walionunua maji wakanipitishia kidirishani. Mmoja ameniambia mkewe angefanya hivi angemwacha, mwenzake akamjibu kwamba mkewe alishamwacha yeye zamani, wakacheka, hata mimi nikacheka. Halafu tukakumbuka tuko wapi. Nina hofu, mdogo wangu.

Muda mfupi uliopita Endelevu alituma mtu kwenye karakana ya jirani, na mkasi wa kukatia chuma ukaletwa papo hapo. Siku ya moshi haukupatikana mji mzima. Hakuna aliyekubali kuushika, wote wameniogopa au wameona aibu, basi akampa shemeji yako. Akamwambia huyu ni mkeo, maliza jambo hili kabla wageni hawajafika, mambo mengine tutayasahau. Sijui kama ameshafahamu ile betri ilikuwa ya nani. Shemeji yako amelielewa neno hilo, nimemwona usoni.

Yuko mlangoni sasa hivi. Ameusogeza mkasi mpaka meno yake yameuma mnyororo, mikono yote miwili iko kwenye mipini, na ananitazama. Hajakata. Mimi namtazama huku naandika, na sijamwomba chochote.

Dereva wa basi amepiga honi, lazima nimpitishie barua hii. Kwa hiyo sikiliza. Nikikupigia simu leo usiku, barua ikishakufikia, nikakuambia njoo, ujue wamekubali, pakia nguo zako uje. Nisipopiga, ujue mume wangu amekata, na wewe usije, hata Endelevu akikupigia mwenyewe akakuahidi dunia. Mama mwambie mimi mzima na nimemkumbuka. Msalimie jirani na watoto wake wote. Ubaki salama, na usilie mbele ya mama.

Ni mimi dada yako,
Mama Chaji