Nyumba ya Gisenyi na saini yangu

Jumapili, 8 Juni 2025

Wageni wa Idi wamebaki wanne. Jana walikuwa kumi na tatu! Nimeosha sufuria mpaka vidole vimekunjamana kama michembe, viazi vya kukaushwa. Ahmad anaota meno, ananyonya huku analia – sijui anawezaje vyote kwa pamoja. Raudha kalala na kiatu kipya mguuni, kimoja tu. Nimekiacha.

Mchana mume wangu Akida kaniita uani, kanionyesha picha kwenye simu. Nyumba. Vyumba viwili, baraza, maua, ziwa kwa mbele. Iko Gisenyi, Rwanda. Kumbe mwezi uliopita alipopanda lori na Kalisti, dereva anayenunua matairi dukani kwetu, alikwenda kuiangalia! Mimi nikijua kafuata matairi.

Nikamwambia nzuri. Ya nani?

"Yetu. Benki ikikubali."

Mtoto akalia. Nikaenda.

Jumanne, 10 Juni

Leo kanieleza vizuri. Benki itatoa mkopo, dhamana ni nyumba yetu hii ya Nyahanga. Kule tutakwenda Idi na likizo, siku nyingine dada yake Kalisti atapangisha watalii. Nikauliza kwa nini Gisenyi, kwa nini nchi ya watu. Akasema kuna baridi, kuna kimya, hakuna anayetujua. Hakuna wa kugonga geti.

"Utalala, Mama Raudha. Hujalala tangu huyu azaliwe."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikammiminia chai. Sikujua kama anaona.

Jumatano, 11 Juni

Rhoda wa jirani kaja kuazima ungo. Nikamsimulia. Kacheka mpaka kashika ukuta: "Kwani mtoto ukimvusha mpaka wa Rusumo ananyamaza?"

Nikampigia simu mama yangu kule Kishapu.  Akauliza nani atafagia nyumba isiyo na mtu. Halafu: "Mayu, mwanangu, na hii ya Nyahanga ikiondoka, mtalala kwenye picha?"

Jioni nimeizunguka nyumba, Ahmad mgongoni. Chumba cha nyuma bado hakina dari. Haya matofali nilibeba Raudha akiwa tumboni. Akida ananiomba nikae, mimi nabeba. Mvua za kwanza tulilala chini ya turubai, tukicheka kama wendawazimu. Dhamana! Neno lenyewe dogo, halitoshi hata mlango.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe, Bi Mwasiti, kapiga simu kutoka Tabora. Akida kishamwambia! Kafurahi, kanisomea dua ndefu, nikaitikia amina kila mahali. Halafu akaanza kupanga Desemba. Yeye, shangazi, shemeji yangu Abdulshakur na mkewe na watoto, na nani na nani. Kawataja mmoja mmoja. Kumi na mmoja! Akasema tusisahau kubeba sufuria kubwa, hajui kama kule zipo.

Sufuria zilezile.

Nilicheka mpaka maziwa yakalowesha dera. Akida akauliza kulikoni. Nikamwambia. Naye akacheka, kidogo, kisha akaacha.

"Nitaongea naye."

"Utamwambia nini mama yako? Asije?"

 Akachukua Ahmad, akamnusa kichwa. Nampenda huyu mwanamume. Ndiyo shida yenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Benki wamekuja. Mthamini kapima kuta, kapiga picha mpaka choo – na mimi sikuwa nimefua taulo! Halafu afisa mikopo, dada mmoja anaitwa Nelly, akamwomba Akida atoke nje. Sheria, akasema. Nyumba ya mume na mke haiwekwi rehani mpaka mke aridhie, na mke anaulizwa peke yake. Akida kutolewa nje kwake mwenyewe! Akabeba mtoto. Nikamsikia uani anambembeleza kwa wimbo pekee anaoujua: tangazo la matairi la spika ya dukani.

Nelly akauliza, nimelazimishwa? Najua kwamba tukishindwa kulipa, nyumba hii inaweza kuuzwa? Aliuliza kwa upole. Nadhani ameona wanawake wengi wakijibu haraka.

Nikasema sijalazimishwa. Nimebembelezwa. Kuna kisanduku chake hapo kwenye fomu?

Akacheka. "Hakuna, dada. Kuna ndiyo na hapana."

Kaniachia fomu. Atarudi Ijumaa saa tisa.

Jumatano, 18 Juni

Nimemwambia. Sitaki. Nilisema nikiwa nimesimama, nisije nikalainika.

Akasema alikuwa ananitafutia usingizi. Nikamwambia usingizi wangu hauko Rwanda, uko hapahapa, nyuma ya lile geti, ila hakuna anayelilinda. Kila anayekuja hospitali analala kwetu. Kila anayesubiri basi anakula kwetu. Na wewe unasema karibu, mimi ndiye ninayewasha jiko!

 Kaenda dukani bila chai. Kikombe kimebaki pale, kimeota utando. Nimeumia. Sikumwita.

Fomu lakini bado tupu. Jioni alipokuwa anaoga niliifungua tena ile picha kwenye simu yake. Baraza ni zuri. Kweli ni zuri.

Ijumaa, 20 Juni

Akida katoka msikitini, hakwenda dukani. Kambeba Ahmad, kamshika Raudha mkono, kachukua kigoda mpaka getini. Kanigeukia: "Kalale."

Basi. 

Nilijua sitalala. Nikalala! Nimeamka jua limehama dirishani, liko kwenye kabati. Matiti yamejaa, yanauma. Kwanza nilidhani mtoto kafa – jinsi palivyo kimya. Kumbe nasikia lile tangazo la matairi, chini kwa chini.

Kisha sauti ya Abdulshakur. Akida anamwambia nimelala. Mchana huu? Anaumwa? "Haumwi. Amelala. Njoo kesho." Kumrudisha ndugu wa tumbo moja getini! Abdulshakur kaondoka anacheka, anasema mke kalala, mume bawabu. Kaja Rhoda na ungo, huyo kajibiwa na Raudha: "Mama amelala! Njoo kesho!"

Naandika nikiwa kitandani. Fomu iko hapa kando ya mto. Ndiyo. Hapana. Sijaweka alama popote.

Pikipiki imesimama nje. Hodi. Ni dada Nelly, saa tisa kamili.

Kigoda kimeanguka. Raudha kaanza, "Mama ame–" babake kamnyamazisha.  Anajua huyu kafuata nini. Akiitaka saini yangu, aniite sasa. Nitaamka. Sijui nitaandika nini, lakini nitaamka.

"Amelala, dada," anasema. Taratibu, kama anayeogopa kuniamsha.

Nelly anauliza asubiri, au arudishe faili ofisini, lifungwe.

Hajamjibu bado. Kalamu ninayo mimi.