Mvua Niliyoisahau Lubumbashi

Mdogo wangu Zawadi,

Kwa mjomba nanenepa. Bukari yao ni ugali wetu uliochanganywa na muhogo, nami naila bila haya. Jana mvua ilipiga bati mpaka tukawa tunaongea kwa kelele, ndipo mke wa mjomba, Maman Kapinga, akatoa simu tucheze lile gemu letu la mazimwi. Hapa kwao anayeshindwa anasonga bukari ya nyumba nzima. Nikapiga hesabu ulivyonifundisha: nguvu ya pigo langu, ulinzi wa zimwi lake. Nikaona moto wa zimwi langu utalilaza palepale. Nikabonyeza kwa maringo. Likayumba tu, likasimama.

“Mutoto yangu, na mvula je?” akacheka. “Mu mvula, moto inabakia moitié!”

Kweli, kwenye gemu nako ilikuwa inanyesha, na moto wangu ulikuwa umepungua nusu. Maji yake yakanimaliza.

Bukari niliyosonga ilikuwa na madonge, wakaila huku wananicheka. Nikajitetea kwamba mwalimu wangu ni wewe. Basi Maman Kapinga anasema Krismasi anakuja huko kukutafuta. Anza mazoezi, ya gemu na ya mwiko.

Nimekumiss mpaka kelele zako,
Kaka Elia